Vanishi, mafuta, nta au oili chafu: upake nini mbao na vikapu vyako ukiishi Mtwara au Lindi

Fundi seremala akishamaliza kitanda chako cha mninga, swali lake la mwisho huwa hili: tupige vanishi? Wengi huitikia kwa mazoea, maana vanishi inang'aa na kila duka la vifaa vya ujenzi linayo. Jirani naye atakushauri oili chafu, kwamba mchwa hawasogei. Mama mkwe atasema mafuta ya nazi yanatosha, ndiyo aliyoyatumia miaka yote. Kila mmoja ana hoja, ila kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe: wa kwanza anawaza mng'ao, wa pili mchwa, wa tatu ukavu wa mbao. Ukiwasikiliza wote kwa pamoja lazima ukwame.

Nimeziweka hapa njia zinazotumika kwetu kusini, kila moja ikipimwa kwa vipimo vilevile. Vikapu na mikeka nimevitenga sehemu yake, kwa sababu ukindu una tabia zake, na vikapu vingi vizuri huharibika kwa kuhudumiwa kama meza.

Vipimo vyenyewe

Kwanza ni unyevu. Kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na hata kiangazi upepo wa baharini huja na unyevu na chumvi. Mbao hunywa unyevu huo na kuvimba kwa upana, hewa ikikauka zinanywea. Hakuna cha kupaka kinachozuia jambo hilo moja kwa moja. Kipako kizuri hulipunguza kasi tu.

Pili ni wadudu, na hapa lazima tutenganishe. Mchwa wengi hutoka ardhini na hujenga njia yao ya udongo hadi kwenye mbao. Wale watoboaji wa matundu madogo yenye unga huwa wamo ndani ya mbao zenyewe, walitagwa humo wakiwa mayai. Dawa ya hawa si dawa ya wale.

Tatu, je, kitu hicho kinagusana na chakula? Nne, je, utaweza kurekebisha? Yaani kipako kikichakaa, kinatoka au kinaongezeka bila kuumiza kitu chenyewe? Tano ni gharama na upatikanaji.

Kati ya hivyo vyote, mimi naupa uzito zaidi urekebishaji. Meza ya mkongo huishi kuliko aliyeinunua, na kipako chochote kitakwisha siku moja. Atakayeirithi atakuta kazi nyepesi au atakuta balaa, kutegemea wewe ulipaka nini leo.

Jambo moja kabla hujafungua kopo lolote: geuza samani, utazame rangi ya mbao. Kiini cha mninga, mkongo au mtiki wa Rondo kina ulinzi wake wa asili. Ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo haina ulinzi huo, na ndiko watoboaji huanzia. Mguu wa kitanda wenye ukanda mweupe ndio wa kukaguliwa kila mara. Mbao za mwembe ni laini kwa wadudu mwanzo hadi mwisho. Hizo zinahitaji kuwekewa dawa kabla ya kuundwa, si baadaye.

Vanishi

Vanishi hujenga ngozi juu ya mbao. Ngozi hiyo ikiwa nzima, hakuna cha kuishinda kwa chai iliyomwagika, mchuzi na mikono ya watoto. Shida huanza siku inapopasuka: maji huingilia kwenye ufa, hukosa pa kutokea, na chini yake mbao hugeuka nyeusi. Jua huharakisha yote hayo. Kwenye baraza inayotazama bahari, vanishi ya kawaida hupauka na kubanduka mapema. Ile ya boti hudumu zaidi kwa sababu hunyumbulika na ina kinga ya jua, lakini nayo hutaka kurudiwa.

Kwa wadudu, ngozi nzima huziba vitundu ambamo watoboaji hutaga, na hilo ni jambo jema. Waliokwisha kuingia ndani wataendelea kula na watatoka kwa kuitoboa. Mchwa haiwahusu.

Isipakwe kabisa kwenye kitu kinachokatiwa, kinachotwangiwa au kukunwa, kwa kuwa magamba yake huishia kwenye chakula.

Urekebishaji ndio udhaifu wake mkubwa. Kuitoa mara nyingi ni msasa, na msasa hula mbao. Kwenye meza bapa si tatizo. Kwenye mlango wa nakshi kama ile ya Kilwa Kivinje na Mikindani, kila msasa unapopita kingo za maua hupungua, na nakshi ikishalainika hairudi.

Ukiichagua, fanya mambo mawili ambayo mafundi wengi huyaruka. Paka kati ya Juni na Oktoba, umande ukishakauka, kwa sababu baadhi ya vanishi zikipakwa hewa ikiwa nzito huota weupe kama maziwa. Na paka pande zote mbili. Pitisha mkono chini ya meza nyingi za hapa mjini: juu ni kioo, chini ni mbao tupu yenye vinyuzi. Ubao wa namna hiyo hunywa unyevu upande mmoja tu, na masika ikifika unapinda kingo.

Inawafaa wenye meza ya kulia chakula, dawati la mwanafunzi, makabati, na nyumba ya kupangisha ambako hakuna atakayepaka mafuta kila mwaka.

Mafuta ya kitani

Dukani huitwa linsidi. Haya huzama ndani ya mbao na kugandia humo, kwa kuwa hunasa hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa kitu kigumu. Hupakwa kwa kitambaa, tabaka jembamba, yanaachwa kama robo saa, kisha yote yasiyozama yanafutwa. Ukiacha mengi juu yatanata wiki nzima na kushika vumbi.

Dhidi ya maji yana nguvu ya wastani. Glasi ya maji baridi itaacha duara, ila duara hilo huondoka ukipaka tena. Kwa pwani yetu yana kasoro ambayo wauzaji hawaisemi: chumba kikifungwa masika yote, ukungu huweza kuota juu yake, kwa sababu mafuta ya mimea ni chakula cha ukungu. Dirisha likiwa wazi mchana, tatizo hupungua sana.

Wadudu hayawazuii. Kwa vyombo vya chakula, mafuta ghafi hayana neno. Yale yaliyoandikwa kuwa yamechemshwa mara nyingi huwekewa chumvi za madini ili yakauke haraka, hivyo yabaki kwenye samani.

Urekebishaji ndipo yanapong'ara. Sehemu iliyochubuka unaisugua kidogo na kuipaka hiyohiyo tu, bila kugusa kitu kizima. Hata ukibadili nia miaka ijayo, yakishakauka vizuri unaweza kupaka vanishi juu yake.

Onyo moja lichukuliwe kwa uzito wote: kitambaa chenye mafuta haya hupata joto kinapokauka, na vitambaa vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Tandaza kila kimoja nje, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Yanamfaa mwenye viti na milango ya mninga au mkongo chini ya kibaraza, aliye tayari kurudia mara moja kila mwaka kabla mvua hazijaanza.

Mafuta ya jikoni

Nazi iko uani, ufuta uko shambani. Lindi na Mtwara ni nchi ya vyote viwili. Tatizo ni kwamba mafuta ya nazi hayakauki. Hubaki mafuta, hushika vumbi, na baada ya muda hutoa harufu ya kuchacha. Ufuta hukauka nusunusu na kuacha unato. Kwa samani, kwa hiyo, hayafai, na siku ukitaka vanishi haitashika juu yake.

Kwa mwiko, upawa, kinu na mchi, chano na mbuzi ya kukunia nazi, hukumu ni kinyume. Chombo hicho kinaoshwa kila siku, mafuta hayapati muda wa kuchacha, na hakuna cha kuogopa yakiingia kwenye chakula. Osha upesi bila kuloweka, simamisha kivulini hadi kikauke, kisha futa na mafuta kidogo ya vuguvugu. Kinu kinachoachwa uani wakati wa mvua hupasuka kitako, na hakuna mafuta yatakayokiokoa.

Nta ya nyuki

Misitu ya miombo ya Liwale na Nachingwea ina nyuki, na ukiulizia wafugaji utapata nta ya kweli. Inalainishwa na tapentaini: nta sehemu moja, tapentaini sehemu tatu au nne. Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji moto, ondoa kabisa jikoni, ndipo utie tapentaini mbali na moto, maana hushika moto upesi.

Maji ya kumwagika huyazuia kwa dakika chache tu, na unyevu wa hewani huupunguza kidogo sana. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini hulainika mapema zaidi, hivyo kitu kinachopigwa na jua la dirishani kitashika vumbi. Wadudu hawaijali. Kwa chakula nta yenyewe ni salama. Ile yenye tapentaini siyo.

Ubora wake ni kwamba haitawali kitu. Hutoka kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, haizami sana, na chini yake mbao hubaki zilivyokuwa. Kwa hiyo ni ya vitu vya kutazamwa na kushikwa kwa upole: kasha la zamani, fremu, fimbo ya babu, kinyago.

Na kwa kuwa tuko nchi ya Wamakonde, vinyago vinastahili maneno zaidi. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutumbukiza unazama, na hukauka polepole mno. Kinyago kilichochongwa kwenye gogo bichi kikitoka Mtwara kwenda Dodoma kwenye hewa kavu, kinaweza kupasuka ndani ya wiki chache, na nyufa huanzia miishoni, pale nyuzi za mti zilipokatwa. Nta iliyopakwa hapo, chini ya kitako na juu ya kichwa, hupunguza kasi ya ukaukaji. Ndiyo maana kwa mpingo nasimama na nta, si vanishi. Jihadhari pia na weusi unaotoka ukisugua kwa kitambaa chenye maji: huo huenda ni rangi ya viatu juu ya mti mwingine, nao utafutika.

Mapiko ya zamani, yaani barakoa za ngoma za Wamakonde, ni habari nyingine kabisa. Mengi yana chale za usoni zilizotengenezwa kwa nta ya nyuki iliyobandikwa, na nywele halisi za binadamu kichwani. Usiyapake chochote, usiyaanike juani, usiyafute kwa tapentaini: utaondoa chale na kuyafuta uso. Brashi laini kavu inatosha.

Oili chafu na mafuta ya ganda la korosho

Nimeziweka pamoja kwa sababu watu huzitumia kwa kazi moja, yaani nguzo, kenchi na mbao za nje.

Oili chafu ya gereji ni rahisi kupatikana kuliko zote. Huzuia maji kwa muda na harufu yake huwasumbua mchwa kwa muda, kisha mvua huisafisha na kuipeleka ardhini. Imebeba masizi na madini kutoka kwenye injini, si kitu cha kukaa ngozini wala karibu na kisima. Haikauki, na ubao uliokwisha kuinywa haupokei kipako kingine tena. Ndani ya nyumba mnamolala watoto, hapana.

Mafuta ya ganda la korosho ni mazito, ya rangi ya kahawia, na yana asidi ambayo wabanguaji wa Newala na Tandahimba wanaijua kwa ngozi zao. Ndiyo sababu hujipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kubangua. Ukali huohuo huwachukiza wadudu na ukungu. Kwa nguzo za uzio na miguu ya uchaga wa nafaka ninayaona bora kuliko oili chafu, ilimradi upake kwa glavu za mpira na uache yakauke kabisa kabla mtu hajagusa. Huacha weusi usiotoka. Kwa samani za ndani na chombo chochote cha chakula, nayo hapana.

Kwa mchwa wa ndani, kinachosaidia ni kuwanyima njia. Sogeza kabati litoke ukutani upana wa vidole vinne, weka miguu ya kitanda juu ya jiwe au kigae, na kila mwezi chungulia nyuma kwa tochi. Ukiona mshipa wa udongo unapanda, bomoa kipande chake; ukirudi kesho ukakuta umekarabatiwa, wapo, na kazi sasa ni dawa ya ardhini kwa mtu anayeijua.

Vikapu, mikeka na nyungo

Hapa karibu kila kipako ni kosa. Vanishi hufanya ukindu uwe mgumu na kukatika kwenye mikunjo, mafuta huchacha ndani ya msuko ambako huwezi kuyafuta. Maji mengi hutoa rangi: ukindu mwingi hutiwa rangi za unga kwa kuchemshwa, na nyekundu huwa ya kwanza kuhamia kwenye weupe. Usafi wake ni brashi kavu kufuata msuko, na doa lifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa sana.

Chaguo la kweli ni namna ya kuondoa wadudu na ukungu.

Jua ni bure na hukausha uvundo haraka. Pia hupausha rangi na kukausha miaa hadi ivunjike. Anika asubuhi kabla ya saa nne, geuza, kisha rudisha kivulini. Linafaa mikeka ya kulalia na vikapu vya sokoni.

Moshi wa jiko ndiyo njia ya wazee: ungo na kikapu cha mbegu hukaa darini juu ya mafiga, na wadudu hawakai humo. Rangi huwa kahawia na harufu haitoki. Kwa kikapu cha mbegu hilo si neno. Kwa kikapu cha zawadi ni hasara.

Friza huua mayai, viluwiluwi na wadudu wazima bila kugusa rangi. Kikapu kiwe kikavu, kifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukitoa, usifungue mfuko hadi kesho yake, ili maji ya ubaridi yatande nje ya plastiki na si kwenye ukindu. Vinyago vya mpingo na mapiko visiingie humo.

Dawa ya kupuliza huua inaowafikia tu, na huacha sumu kwenye kitu ambacho kesho utawekea mchele. Niiache kwa vikapu vya mapambo vilivyoshambuliwa vibaya, vikae nje siku kadhaa kabla ya kurudi ndani.

Kwa hali yako

Una watoto wadogo na meza moja ya kila kazi: vanishi, pande zote, msimu wa kiangazi.

Umejenga nyumba mpya na viti vya mninga, na unapenda kushika kazi mwenyewe: mafuta ya kitani, madirisha wazi masika.

Umerithi kasha, kiti au mlango wa nakshi: anza na brashi na nta. Kama tayari una vanishi iliyobanduka, usimruhusu fundi aweke mashine ya msasa. Mtafute atakayeitoa kwa dawa na mkono, hata ikichukua wiki. Misumari ikiwa imeota kutu kwa chumvi, badilisha kwa skrubu za shaba kabla kutu haijaupasua ubao.

Unanunua kinyago cha kupeleka Dodoma, Arusha au ughaibuni: uliza gogo lilikauka muda gani, paka nta miishoni, na ukifika kiweke mbali na dirisha na feni.

Unga unadondoka chini ya kitu na hujui kama ni wa zamani: kung'uta, weka karatasi nyeupe chini yake, tazama baada ya wiki. Karatasi ikiwa safi, paka unachotaka. Ikiwa na unga mpya, tibu kwanza. Kikapu kiende friza, na mbao zipigwe sindano ya dawa kwenye matundu kabla ya kuzibwa.

Una vyombo vya jikoni tu: mafuta ya nazi na kivuli.

Una nguzo za uzio au mbao za banda la nje: mafuta ya korosho kwa glavu, na sehemu inayozama ardhini ipakwe mpaka shibri moja juu ya udongo.

Unahama mwezi huu, katikati ya mvua, na hujui uanze wapi: usipake chochote. Futa, kausha, inua kutoka kwenye sakafu ya saruji, ning'iniza vikapu kwa kuvitia kamba pana chini ya kitako badala ya mkono wake, na subiri Juni.